Sura Isiyocheka Kwenye Nota za Besi

Kompyuta yangu ya zamani ilikufa wakati wa masika. Sikushangaa, mvua za Kyela huotesha ukungu hata kwenye viatu vya kutokea, na vyangu havitoki. Kilichoniuma ni programu niliyochapia nota za kwaya: herufi d, r, m na wenzao, zikitenganishwa kwa nukta mbili na mistari wima. Na safari hii wimbo ulikuwa wangu mwenyewe, wa kwanza kukubaliwa na kwaya, uimbwe sikukuu ya mavuno.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akaniletea kompyuta mpya kutoka Kasumulu. Kitu cha mpakani mimi hukikagua mara mbili. Nikachapa wimbo upya kwa programu iliyokuja nayo, mke wangu akapeleka nakala mazoezini. Akarudi anacheka.

"Baba, besi wanauliza hiki kisura ni cha nini."

Nikavaa miwani. Mahali pamoja nilikuwa nimebananisha nukta mbili na mstari, mashine ikadhani nachora macho na mdomo. Ikaniwekea uso wa mviringo usiocheka, unanitazama kama mama mkwe siku ya kujitambulisha.

"Wameimbaje hapo?"

"Wamenyamaza. Nani aimbe anakodolewa macho hivyo?"

Nikaingiwa na shaka. Kama imebadilisha hiki bila kuniuliza, imebadilisha vingapi nisivyoviona? Nikatafuta sidii ya programu yangu ya zamani, nikamwita shemeji aiweke kwenye mashine mpya. Ikagoma. Akabonyeza huku na huku, ikafunguka.

"Umeifanyaje?"

"Nimeiambia bado tuko enzi zake, shemeji. Ikaamini."

"Kwa hiyo umeidanganya. Nitajuaje mimi sidanganywi?"

"Wewe hutoki hata getini. Nani ahangaike kukudanganya?"

Nilichapa wimbo wote tena, nikakagua nota moja moja huku mke wangu akiziimba toka jikoni. Hakukuwa na sura. Nakala mpya zikaenda kwaya.

Siku ya mavuno nikatoka, ndiyo, kwa miguu yangu. Kwaya ikaanza vizuri. Ilipofika pale pa sura, besi wakanyamaza kama walivyozoea mazoezini. Karatasi safi mikononi, nota zipo, wao kimya! Sauti nyingine nazo zikasita, kanisa zima likabana pumzi, halafu wote wakaingia kwa pamoja hadi mikungu ya ndizi iliyoletwa sadaka ikaonekana kutikisika. Nilijificha nyuma ya kofia yangu.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya akanikamata mkono kwa mikono miwili. "Ndaga fijo! Asante sana. Ule ukimya, ndugu yangu! Uliwazaje?"

Nikamtazama kwa makini, nisije nikawa natekwa shere. Hapana, macho yake yalikuwa na machozi.

"Ulinijia tu," nikasema.

Tulipofika barabarani mke wangu akanigeukia.

"Ulikujia, eh?" akasema. "Kutoka Kasumulu."