Darasa Lililojibu kwa Sauti Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, mwalimu mkuu wa shule moja karibu na Kipsongo, mjini Kitale, alinikabidhi boksi la chaki, rejista na darasa la tano. Alisimama mlangoni akanisikiliza kidogo. "Madam, wakijibu wote kwa sauti moja, ujue umefundisha," akaniambia, kisha akaenda zake kunywa chai. Nilimwamini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na viatu vipya vilivyokuwa vinanibana.

Basi nikawa bingwa wa kuitikiwa. Nilitamka nusu ya jibu, darasa likamalizia. "Robo ya nane ni mbi...?" "Mbiliii!" Darasa lilinguruma hadi wapita njia wakageuka. Aliyenyamaza nilimhesabu kuwa mzito, na mwisho wa mwaka jina lake likaingia kwenye orodha ya kurudia darasa. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa shule moja ya Ndalu, upande wa Bungoma. Huko afisa wa mtaala wa eneo letu, mama asiyecheka ovyo, alitufundisha utafiti tendaji: mwalimu anachagua tatizo la darasa lake, anabadilisha kitu kimoja katika ufundishaji wake, anatazama kinachotokea, anaandika, kisha anajaribu tena. Mimi nikaandika tatizo langu: "Wanafunzi wazito katika hesabu za nusu, robo na thuluthi." Akalikata kwa kalamu nyekundu.

"Hao ni watoto," akasema. "Nimeuliza wewe unafanya nini."

Nikarudi darasani. Nikamwomba mwenzangu, Mwalimu Wafula, aketi nyuma ya darasa na karatasi. Kila nilipouliza swali apige kistari upande mmoja, na kila mtoto alipojibu peke yake apige kingine upande wa pili. Kipindi kilipokwisha akanionyesha. Upande wa maswali ulijaa vistari, wa pili ulikuwa karibu mweupe. "Madam, si unajiuliza na kujijibu mwenyewe, bana," akasema. Nilimnunia siku mbili.

Siku ya tatu nilikatakata katoni za sabuni, kila mtoto nikampa kipande chake na mkaa wa kuandikia. Nikaweka swali ubaoni, nikapiga sauti marufuku, nikahesabu kimoyomoyo hadi thelathini ndipo nikawaambia wainue vipande juu. Wangurumaji wangu wa mbele karibu wote walikuwa wamekosa. Nyuma kabisa, Nekesa, msichana ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, alikuwa amepata. Nikaandika swali gumu zaidi. Akapata tena.

"Kwa nini huwa hujibu?" nikamuuliza.

"Si wengine wanamaliza kabla sijafika, madam."

Jina lake lilikuwa tayari mezani kwa mwalimu mkuu wetu wa Ndalu, juu ya orodha yangu ya watakaorudia, na mamake alikuwa ameshaitwa akalia ofisini. Nilienda nikaomba lifutwe.

"Ati sasa tumwambie mzazi nini?" mwalimu mkuu akauliza.

"Mwambie mwalimu alikosea."

Mwishowe nilikiri kosa hilo mwenyewe, mbele ya walimu wote na mbele ya mamake Nekesa. Niliona aibu, sitaficha. Nekesa akapanda darasa la sita.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Tuwan, huku Kitale. Walimu vijana hunijia wakilalamika kwamba utafiti tendaji ni makaratasi matupu. Makaratasi yapo, na yanachosha. Lakini mimi nilifundisha nusu ya maisha yangu bila hata moja, na waliolipia ni wale niliowaandika wazito.

Mwezi uliopita muuza mboga mmoja karibu na msikiti aliniita, "Madam!" Alikuwa Rukia, niliyemfundisha Kitale katika miaka yangu ya mwanzo. Nilimrudisha darasa la tano mara mbili, na baada ya mara ya pili hakuonekana tena shuleni. Nikamwambia palepale, wateja wakisikia, kwamba nilimkosea, kwamba huenda alikuwa anajua majibu.

Rukia aliendelea kufunga sukuma wiki yangu.

"Nilikuwa najua, madam," akasema. "Ni vile hukuningoja."