Mashini ya Fundi Rukara Ililala Wapi

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilifagia nyuzi, basi. Ilikuwa miaka ya Wabeleji, hapa Goma. Nilikuwa nimeolewa karibuni, na nilichoka kukaa nyumbani bule. Nikaenda kwenye barza, veranda ya mbele ya magazini, duka la vitambaa la Mugiriki mumoja, pale Fundi Rukara alikuwa anashona. Aliangalia mikono yangu pande zote mbili.

"Fagia kwanza," akasema. "Sindano utaiona mwezi kesho."

Ninyi vijana munanunua nguo zimekwisha kushonwa. Wakati ule mama alinunua kikwembe ndani, akatoka nacho kwenye barza, fundi akamupima. Mimi nilikuwa mutu wa pindo: kukunja ukingo wa nguo mara mbili na kuushona kwa mukono, uzi usionekane inje. Fundi alikaa kwenye mashini ya miguu. Mashini ya vile ina vipande viwili: meza yenye chuma cha kukanyaga, na kichwa, ndiyo ile chuma nyeusi yenye sindano. Kichwa kinafunguliwa, kinatoka. Mushike neno hilo.

Rukara hakuwa mutu wa kucheka. Siku moja, mbele ya wamama watatu waliotoka Rutshuru, alivuta pindo langu, akalipitisha kidole, akanitupia nguo.

"Fumua."

"Yote, Fundi?"

"Unataka nikubakishie kipande cha ukumbusho?"

Wamama walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilifumua, nikashona upya. Kicheko kile kilinibaki rohoni.

Kisha nilitumika kwa mamasista. Sista mukubwa wa ushonaji alisema polepole, lakini alikuwa mukali kumushinda Rukara. Mwisho nikashona katika muji wa Kiwanja, kwenye meza yangu mwenyewe, mpaka macho yakakataa. Popote watu waliponiuliza nilijifunza wapi, nilijibu: "Kwa boyi wa Mugiriki." Nilisema hivyo miaka mingi.

Sasa vijana wa parokia wanaandika kwenye karatasi majina ya magazini za zamani za kartie yetu, mutaa huu. Barabara ya Mugiriki mawe ya volkano yaliifunika, hakuna anayeweza kuionyesha kwa kidole, inabaki kwenye vichwa vya wazee tu. Wakatuita watatu: mimi, Papa Kasereka, aliyekuwa anapima vitambaa ndani ya magazini ile ile, na Consolata, binti wa Fundi Rukara, aliyetoka upande wa Lac Vert na kikwembe kilichopigwa pasi. Consolata alitaka kitu kimoja: jina la baba yake liandikwe kama mwenye magazini. Watoto wake walikuwa wamesikia kwamba babu yao alikuwa boyi, mutumishi tu. Maneno hayo yalitoka kwangu, tuseme ukweli.

Papa Kasereka alikataa. "Consolata, barza ilikuwa ya Mugiriki. Magazini bila mulango ni magazini gani? Baba yako alikaa inje kama kuku anayekimbia mvua."

"Na mashini ilikuwa ya nani?"

"Ya Mugiriki vilevile. Kila kitu pale kilikuwa chake."

Wote wakaniangalia mimi.

"Kasereka," nikamuuliza, "mashini ililala wapi?"

"Ndani! Asubuhi nilimusaidia mimi mwenyewe kutoa meza."

"Meza. Na kichwa?"

Akakuna kidevu. "Kichwa... kichwa sikukiona ndani."

Hakukiona, nikawaambia, kwa sababu hakikulala pale. Kila siku saa kumi na mbili, jua likishuka, Rukara alikifungua, akakifunga ndani ya blanketi, akajitwika. Mimi nilimufuata na kopo la nyuzi mpaka cité, kule sisi weusi tulikaa. Siku moja patroni, Mugiriki yule, alisimama mulangoni: "Rukara, acha hapa, utavunjika shingo!" Rukara alijibu akitembea: "Patroni, ikilala kwako leo, kesho utaniambia nikushonee mapazia bule." Mugiriki alicheka, hakurudilia tena. Alimuachia barza kwa sababu watu walinunua kitambaa palipo na fundi.

Hayo nilijua siku zote. Nilisema boyi kwa sababu ya pindo moja.

"Andika," nikamuambia kijana mwenye karatasi. "Magazini ya Fundi Rukara."

"Na mulango?" Kasereka akasema.

"Aliufungua akitua kichwa cha mashini, akaufunga akijitwika. Andika."

Akaandika.

Leo pindo nalisoma kwa vidole. Wajukuu wakiniletea kazi mbaya, nawaambia neno moja tu la Rukara, na munalijua.

Siku ile ya parokia, Consolata alikuwa bado anaangalia ile karatasi. Akanyoosha kikwembe chake magotini, kisha akaniuliza: "Mama, kile kichwa kilikuwa na uzito gani?"

"Sijui," nikamujibu. "Hakuniachia nikibebe hata siku moja."