Mbuzi wa Mama Mkwe

Mimi ni mkali kwa mbuzi. Tangu kikundi chetu kianze kurudisha mikoko katika mkono huu wa bahari hapa Msambweni, ambako wazee wetu waliikata wakauza boriti mpaka ndege wakahama, kazi ya kulinda miche ni yangu kwa sababu ya ukali huo. Nimemtimua mbuzi wa imamu, nikamtimua na wa mwenyekiti wetu. Wenzangu hunitania kwamba hata malaika akija na mbuzi nitamwuliza kibali.

Mwaka huu mvua za vuli zilitupita, na huko bara kukakauka kabisa. Pa kijani palibaki hapa kwetu, nyuma ya uzio wa nyavu kuukuu, ambapo miche ilikuwa imenifika kiunoni na korongo wameanza kurudi. Asubuhi moja nikasikia kengele za mbuzi. Nilishika fimbo nikatoka mbio, matusi tayari mdomoni.

Alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa amewaswaga kwa miguu kutoka kwao, nyuma ya Lunga Lunga, na mbavu zao zilihesabika. Kwetu, mwanamume akikutana na mkwewe njiani humpisha. Hamkazii macho, hampazii sauti, sembuse fimbo. Niliitupa kichakani, nikainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, mama."

Nyavu kuukuu hazimzuii mbuzi mwenye njaa. Alipita mmoja, wengine wakamfuata. Nilisikia majani yakikatwa huku nikitazama vidole vyangu vya miguu na kuuliza habari za shemeji zangu, mmoja baada ya mwingine.

Mama mkwe si mjinga. Aliutazama uzio, akanitazama na mimi.

"Baba, naona hii ni kazi yenu. Niambie niwatoe, nitawatoa."

Angewatoa kweli, na wangemfia njiani. Nilikuwa na hasira, nayo haikuwa na pa kwenda. Heshima si utumwa, wanasema. Asubuhi ile nilikuwa mtumwa.

"Waache washibe, mama," nilisema, nikaenda kumletea maji ya kunywa.

Jioni wenzangu walikuta vijiti vitupu na alama za kwato kila mahali kwenye tope. Korongo hawakuwapo. Wakaniuliza ni mbuzi wa nani.

Nikawaambia ni wangu.