Mkrismasi wa Mahameni

Niliupanda mimi. Naanzia hapo kwa sababu kila ninayemsikia akisimulia habari hii huanzia kwenye sherehe, kwa mwanamke aliyeingia ofisi ya kijiji siku ya Krismasi akawavunjia watu starehe yao, na wasikilizaji hucheka. Mwanamke huyo ni mimi. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na pepo kama walivyosema wengine. Nilikuwa na hasira, na ninayo bado.

Kwetu ni upande wa Runzewe, kwa Wasumbwa, ambako enzi hizo miti ilikuwa mingi kiasi kwamba hatukuiona. Baba yangu alikuwa mtunza bustani wa misheni. Mbele ya kanisa kulikuwa na safu ya misaipresi, sisi tukiiita mikrismasi, na kila mwaka sikukuu ilipokaribia yeye ndiye aliyekata mmoja wa kuweka karibu na altare. Hakuukata chini kabisa. Aliacha matawi mawili matatu ya chini yakiwa mabichi, akakata juu yake, na mwaka uliofuata tawi moja kati ya hayo lilikuwa limeinuka na kuanza kuwa shina.

"Ukiacha kijani, unarudi," alituambia. "Ukikata chini ya kijani chote, umeua."

Ule uliokatwa aliusimamisha kwenye debe la mawe na mchanga uliolowa, akaumwagia maji kila asubuhi, ili usipukutike kabla ya wakati wake wala usishike moto wa mishumaa.

Padri, mzungu wa nchi za baridi, alitueleza siku moja kwenye mafundisho desturi hiyo ilikotoka. Alisema kwao kuna miezi ambayo miti hupukutika yote na kubaki mifupa, isipokuwa ya aina hiyo, ambayo hubaki kijani. Watu wa zamani wakaanza kuingiza mmoja ndani ya nyumba na kuutundikia matufaha na mishumaa, ili wajikumbushe kwamba uhai haujaisha. Mimi niliona ni habari ya mbali. Kwetu hapakuwa na kilichokauka.

Kisha nikaolewa Kishapu.

Mume wangu alikuja kwetu na mafundi waliojenga shule ya misheni, akanichukua, tukaja kukaa kwao, kwenye nchi ya pamba na ng'ombe. Mwezi wa tisa nilitoka nje asubuhi nikatazama pande zote nisione jani. Vumbi, mashina ya pamba yaliyong'olewa, ng'ombe waliokonda. Wazee walisema zamani kulikuwa na pori, likafyekwa kabla mimi sijazaliwa ili kuwaondoa mbung'o. Mbung'o waliondoka, na kivuli kikaondoka nao.

Nilipokwenda kwetu kumwonyesha baba mtoto wangu wa kwanza, nilirudi na mche kwenye kopo la maziwa ya unga, nimeupakata ndani ya lori pamoja na mtoto. Mama mkwe wangu aliuangalia kwa muda.

"Unazaa nini?"

"Hauzai, mama."

"Kivuli?"

"Kidogo."

"Kuni?"

"Zake hurusha cheche."

Akatikisa kichwa. "Basi mayu, umetuletea mgeni wa kunywa maji." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na aliniita hivyo hata aliponikasirikia.

Niliuzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Nilimwaga majivu shinani kwa ajili ya mchwa, maana mchwa wa kule hula mche mchanga ukiwa umesimama. Maji ndiyo yalikuwa kazi. Tulichota lamboni kwa ndoo kichwani, na hakuna mwenye akili ambaye angemwagia mti maji ya kunywa. Nikaanza kumwogeshea mtoto pale pale shinani, ndani ya miiba, maji yakishuka mwilini mwake yanaingia ardhini. Watoto wangu wanne wote waliogea pale. Mti ulikua kwa maji hayo, polepole, mpaka ukanipita kimo, na kila ukame ulipokuja ukabaki wenyewe kijani katikati ya nchi nyeupe. Hapo ndipo nilipomwelewa padri.

Sikuwahi kuukata. Kila Krismasi nilitoa tawi moja la pembeni, nikaliweka kwenye debe ndani, na watoto wakabandika pamba kwenye majani yake. Mama mkwe aliuliza ile pamba ni ya nini. Nikamwambia ni theluji.

"Theluji ni nini?"

"Sijui, mama. Padri alisema ni mvua nyeupe."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu katikati ya miaka ya sabini tukahamishwa. Watu wa serikali walikuja na malori, wakasema kila mtu aende kwenye kijiji kipya, nyumba zikae kwa mistari. Waliosita waliezuliwa nyumba. Mama mkwe alikuwa ndani akikunja mikeka yake, nyasi za paa zikaanza kumwangukia kichwani. Alitoka na mikeka, akapanda lori bila kusema neno. Mti nilishindwa kuuhamisha. Mkrismasi mkubwa hauchimbwi ukaenda nao.

Nikawa narudi. Ulikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja kufika mahameni, pale tulipohamishwa, na wakati wa kiangazi nilikwenda karibu kila wiki, nikapitia lamboni na ndoo, nikarekebisha miiba, nikaongeza majivu. Siku moja katibu wa kijiji, kijana aliyeletwa kutoka mjini, alinisimamisha njiani.

"Mama, unafuata nini mahameni? Mnataka kurudi nyuma?"

"Nafuata mti wangu."

"Mti gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa fahari, nikaeleza hata urefu wake. Akasema sawa, akaenda zake.

Mkesha wa Krismasi uliofuata nilikwenda na panga kuchukua tawi langu kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi laini. Nilipotokeza nilidhani nimekosea njia, kwa sababu hakukuwa na kitu. Kisha nikaona miiba imetupwa pembeni. Walikuwa wamekata kwanza matawi yote ya chini ili shoka lipate nafasi, wakayaacha hapo, halafu wakakata shina kwenye usawa wa kifundo cha mguu. Hawakuacha hata jani moja. Utomvu ulikuwa bado unatoka, na harufu yake ilikuwa harufu ya kanisa letu la kule nyumbani.

Sikulia. Niliangalia chini. Magurudumu ya mkokoteni yalikuwa yamechora njia kwenye tope, nikaifuata. Ilinipeleka mpaka kijijini, ikapita ofisi ya kijiji, ikaenda mpaka uani kwangu. Mkokoteni wetu ulikuwa pale umeegeshwa, na ndani yake kulikuwa na majani mabichi ya mkrismasi.

Mume wangu alikuwa amekaa kibarazani anakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga.

"Mkokoteni ulikwenda wapi leo?" nikamwuliza.

"Ofisini, kwa katibu."

"Na kabla ya kwa katibu?"

Akaacha kutafuna. "Kesho anakuja mgeni kutoka mkoani, mama watoto. Katibu anataka ofisi iwe na mti, kama za mjini. Aliniomba mimi. Ningemjibuje?"

"Ungemjibu mti ni wa mke wako."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia jambo jipya, na hicho ndicho nilichoshindwa kukimeza. "Mke wangu ana mti? Kule si kwetu tena. Ni mahame, hakuna mwenyewe."

"Niliwaogeshea pale watoto wako wanne."

"Na watoto si wazima?" akasema. "Basi."

Nikaingia ndani. Nilijua nikibaki pale na panga mkononi nitafanya jambo la kunipeleka polisi.

Asubuhi nilikwenda kanisani. Kila mtu aliimba, mimi sikuimba. Baada ya ibada watu wengi walielekea ofisini, kwa sababu katibu alikuwa amechinja, na mimi nikaenda nao, nimevaa gauni langu la sikukuu.

Ulikuwa umesimamishwa ndani ya pipa la lami lililojazwa mawe, mbele ya ukuta. Mawe makavu, hata tone la maji hakuna. Walikuwa wameubandikia pamba, maputo kutoka duka la Mhindi wa Mhunze, na nyota zilizokatwa kutoka karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Mgeni alikaa mezani, mzee wa heshima mwenye suti ya mikono mifupi. Katibu alikuwa kulia kwake. Mume wangu alikuwa kwenye viti vya mbele. Hajawahi kukaa viti vya mbele maisha yake yote.

Nilimwendea mgeni kwanza, nikapiga goti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Heri ya Krismasi."

"Asante, mzee. Na kwako."

Kisha nikaugeukia mti nikaanza kutoa nyota, moja moja, nikiziweka mezani mbele ya katibu. Mwanzoni watu walidhani ni sehemu ya sherehe. Nilipofika kwenye maputo katibu akasimama.

"Mama, unafanya nini?"

"Natoa vitu vyenu. Mapambo ni yenu, mti ni wangu."

Mgeni akamgeukia. "Katibu, mti huu ni wa nani?"

"Ni wa kijiji, mheshimiwa."

"Kijiji!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Kijiji kiliumwagilia siku gani? Mnataja kijiji mkitaka kuchukua. Nani hapa amewahi kubeba hata kata moja ya maji kuupelekea? Asimame!"

Hakusimama mtu. Mume wangu akasema taratibu, akiangalia viatu vyake, "Mama watoto, twende nyumbani tukazungumze."

"Tulizungumza jana."

Nikashika shina nikavuta. Mawe yalikuwa mazito, mti ukainama tu, pamba ikaanguka. Nikavuta tena, viganja vikachubuka. Watu wote wale, jirani zangu, wanawake niliowasaidia kujifungua na kulima, walinitazama kama watu wanaotazama ng'ombe aliyenasa topeni. Nadhani hasira yangu kwao ilizidi hata ile niliyokuwa nayo kwa katibu.

Ndipo mama mkwe akainuka kutoka kwenye mkeka wa wazee. Alikuwa na magoti mabovu na ilimchukua muda kufika. Aliinama, akaanza kutoa mawe pipani kwa mikono, jiwe baada ya jiwe, akayadondosha sakafuni pa! pa! karibu na miguu ya katibu.

"Mti huu siupendi," akasema kwa Kisukuma, kwa watu wote. "Haufai kitu, na nilimwambia. Lakini mimi waliezua nyumba yangu nikiwa ndani, nikanyamaza. Mkaniona nimeridhika. Huyu hakunyamaza." Akakamata ncha ya mti. "Shika huko, mayu."

Tukatoka nao, mimi nikiwa na shina, yeye ncha, tukapita mstari mzima wa nyumba. Hakutufuata mtu.

Katibu hakuniita mimi, alimwita mume wangu. Alimwambia mke wake hana nidhamu na kwamba asitegemee tena kuwa balozi wa nyumba kumi. Kumbe ndicho mkokoteni wetu ulichokuwa umefuata, ubalozi. Mume wangu alihamia kwa kaka yake kwa siku kadhaa, na mimi sikutuma mtu kumwita.

Mti niliuweka uani ndani ya debe, nikaumwagilia kila siku ingawa nilijua utakauka. Watoto walibandika pamba. Ulipogeuka rangi na kuanza kupukutika, mama mkwe alileta shoka mwenyewe. Nyumba yake mpya haikuwa na boriti ya maana juu ya mlango, na shina lilitosha. Fundi alipoliweka alisema ni mti mzuri, mchwa hawataupenda. Mama mkwe akamjibu kwamba yeye aliyasema hayo tangu mwanzo. Alikuwa mwongo mkubwa yule mama, na nilimpenda tangu siku ile.

Kisiki nilikwenda kukitazama mpaka mvua zikaisha. Hakikuchipua.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini pamba haikutupa kitu, na mume wangu akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu pamoja na wanaume wengine. Tulikuwa tunaishi kama watu wanaosalimiana. Alirudi Krismasi moja bila dhahabu, mwili wote vumbi la lori, na tawi la mkrismasi limefungwa ndani ya gunia lililolowa. Alilisimamisha ukutani akabaki amesimama nalo.

"Umelitoa wapi?" nikamwuliza.

"Kuna nyumba karibu na machimbo, wana mti mbele. Nilibisha hodi nikamwomba mama mwenye nyumba."

"Akakubali?"

"Alikubali. Alinionyesha mwenyewe pa kukata."

Nililichukua, nikatafuta debe, nikaliwekea mawe, mchanga na maji. Watoto walikuwa wakubwa, ila mdogo bado alikuwa na hamu ya kubandika pamba. Mume wangu nilimpelekea chai kibarazani, nikamkuta ameinua uso, anasubiri niseme neno. Niliweka kikombe, nikarudi jikoni kwenye nyama yangu. Alikaa hapo akisubiri mpaka chai ikapoa.