Maneno ya O-U-G-H Katika Shamba la Mpunga

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, baba yangu alipougua na nyumbani kukakosa wa kulima. Niliporudi darasani nilikuwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nilijiunga na masomo ya jioni hapa Ifakara, pamoja na vijana waliokuwa wakirudia mtihani wa kidato cha nne. Walikuwa wakiniamkia shikamoo kila nilipoingia. Masomo mengine nilijikokota nikafika. Kiingereza ndicho kilichonikwama kooni.

Siku moja mwalimu wetu, mwanamke mpole asiyependa mzaha, aliandika ubaoni maneno matano: cough, tough, dough, through, plough. Akanisimamisha nisome. Niliona yote yanaishia na herufi zile zile, o, u, g, h, nikadhani sauti nayo ni moja. Nikasoma kwa kujiamini kabisa: "Kogi, togi, dogi, throgi, plogi."

Darasa likaangua kicheko. Hata wale wa shikamoo walilaza vichwa juu ya madawati.

Mwalimu hakucheka. Alinisomea taratibu: "Kof. Taf. Dou. Thru. Plau." Kisha akasema, "Herufi hizi hazina kanuni ya kukusaidia. Kila neno utalijua kama unavyomjua mtu, kwa sura yake na sauti yake."

Mume wangu alikuwa kazini Chita, nami niliishi na mama yake. Yule mama ni Mndamba wa bondeni, na Kiingereza hajui hata cha salamu. Aliponiona sigusi chakula, aliniuliza kulikoni. Nikamweleza. Hakunipa pole. Alitaka kujua maana ya maneno yenyewe.

Nikamwambia cough ni kikohozi. Tough ni kitu kigumu, kama nyama ya jogoo mzee. Dough ni donge la unga uliokandwa, na through ni kupita ndani ya kitu mpaka ukatokea upande wa pili. Nilipofika kwenye plough nikasema ni plau.

"Plau hii hii ya Wasukuma, inayokokotwa na ng'ombe?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Basi hilo ulikuwa unalijua siku zote," alisema. "Kula. Kesho tunakwenda kuamia."

Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na mashamba yote yalijaa watu wanaoamia, yaani wanaofukuza ndege. Kwelea kwelea wakitua bila kusumbuliwa, hukuti kitu. Mama mkwe alisimama upande mmoja wa shamba, mimi upande wa pili. Ndege waliposhuka, akapaza sauti: "Kikohozi."

"Cough," nikajibu kwa nguvu zote, na kundi zima likainuka.

"Donge."

"Dough."

Nikikosea alijua, kwa sababu nilisita, na akinisikia nasita analirudia neno lile lile mpaka litoke bila kikwazo. Kila niliporudi kutoka darasani nilimletea mengine: rough, la kitu kinachoparuza, bough, la tawi la mti, enough, la kitu kinachotosha, thought, la wazo. Jirani wa shamba la pili alikuja kuuliza kama tunagombana. Mama mkwe akamjibu kwamba tunasoma, akaendelea. Tulipoanza kuvuna, nilikuwa nayasema maneno yale bila kuyafikiria, kama ninavyowaita wanangu.

Mwisho wa muhula kituo chetu cha masomo kiliwaalika wenzetu wa Mlimba kwa shindano la kusoma kwa sauti. Walikuja kwa treni, wakiwa nadhifu na wenye maneno mengi. Mwalimu alipolitaja jina langu miongoni mwa wasomaji, nilimfuata nje.

"Mwalimu, si ungewaweka vijana?"

"Nimekuweka wewe," alisema. "Nenda kajiandae."

Siku ya shindano ukumbi ulijaa, na mama mkwe alikaa mstari wa mbele. Wasomaji wakapunguzwa mpaka tukabaki wawili, mimi na kijana wa Mlimba aliyesoma kama maji yanayotiririka. Tulipewa habari moja ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Yeye alianza. Katikati palikuwa na neno drought, nami sikuwahi kuliona. Akalisoma "drot", kwa mfano wa thought, akapita bila wasiwasi. Ukumbi ukampigia makofi.

Zamu yangu ilipofika niliipitia habari kwa macho kwanza. Habari yenyewe ilieleza kwamba mvua zilikatika, mto ukapungua, wakulima wakaziacha plau zao. Nikaelewa kwamba neno lile ni ukame. Hapo nikamkumbuka bwana shamba wetu, ambaye kwenye mikutano ya kijiji husema "draut" kila anapotuhimiza kupanda mapema. Mimi nilidhani ni neno lake mwenyewe. Nilivuta pumzi, nikasoma: "Draut."

Watu wakanong'ona. Niliendelea mpaka mwisho bila kuinua macho.

Jaji mkuu, mwalimu mstaafu mwenye miwani minene, alisimama. "Wote wawili wamesoma vizuri sana," alisema. "Neno moja ndilo lililoamua. Ni draut. Mama huyu ndiye mshindi."

Kigelegele cha kwanza kilitoka mstari wa mbele, na vijana wa darasa langu wakakidaka. Walininyanyua juu juu, mtu mzima mimi, na sikuwazuia. Yule kijana wa Mlimba alisubiri kelele zipungue, akanisogelea.

"Shikamoo mama. Nilifuata thought."

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi nilitaka kulifuata."

Zawadi ilikuwa kamusi kubwa ya jalada gumu. Mama mkwe alikataa niibebe mimi. Alijitwika kichwani kama mzigo wa mpunga, tukapita sokoni, naye akisimama kumsalimia kila amjuaye na wengine asiowajua. Muuza vitenge mmoja alimuuliza kitabu kikubwa namna ile amekinunua wapi.

"Hatukununua," alijibu. "Tumeshinda."