Msamaha Ulikwishatolewa Jumapili

Jumatatu nilikuwa kwenye ofisi ya kijiji kimoja huko Msangano, nikisubiri mhuri kwenye barua yangu, mama mmoja alipoingia na bua la mahindi lililotafunwa. Nyuma yake alikuja jirani yake, mwenye ng'ombe, kichwa chini.

Mwenyekiti wa kijiji, ambaye pia ni mzee wa kanisa lao, hakuuliza kitu. Alimwekea mama mkono begani, akalegeza sauti. "Mama, sisi ni watu wa Mungu. Msamehe ndugu yako."

"Nilishamsamehe jana kanisani, mzee. Si wewe mwenyewe uliyetuombea tukiwa tumeshikana mikono?"

"Sasa shida nini?"

"Jioni ng'ombe wake wakarudi shambani kwangu."

Jirani akakohoa. "Ni kweli. Zizi limebomoka, sijaliziba."

Mama akaliweka bua mezani. "Mzee wa kanisa nilimwona jana, na kazi yake aliifanya vizuri. Leo namtafuta mwenyekiti."

Yule bwana aliuondoa mkono taratibu, akavaa kofia. "Twende shambani," akasema, "halafu zizini."

Mama na jirani yake walitangulia, wakiongea habari za mvua kama watu wasio na kinyongo. Mhuri wangu sikuupata siku ile, wala sikulalamika.

Jamani, Biblia imetuagiza kusamehe, na mimi nani nipinge? Lakini tunao viongozi wanaohubiri ofisini na kupiga kampeni madhabahuni. Msamaha yule mama alikuwa nao wa kutosha. Alichopungukiwa ni serikali.