Vibao vya Ardis Tollefson

Kwa miaka ishirini Ardis Tollefson alikuwa na ugomvi na jua. Kila kalamu ya dukani iliyojinadi kuwa wino wake haufutiki, ilifutika; ikifika Julai vibao vya maua yake ya peoni vilikuwa vyeupe pe. Waongo wakubwa wale. Mwishowe akaachana na wino. Akakata makopo ya soda kwa mkasi, akalaza kipande juu ya gazeti lililokunjwa, akakandamiza jina kwa kalamu iliyokauka mpaka herufi zikazama kwenye bati. Theluji ya Minnesota ikaja, ikaenda, majina yakabaki.

Peoni zilikuwa sitini na mbili, zimepandwa ovyo na marehemu mumewe, Selmer, aliyekuwa na ramani yake kichwani na akazikwa nayo. Moja Selmer aliiotesha mwenyewe kwa mbegu, akangoja miaka sita kuona ua la kwanza. Akaiita Ardis, jina la mkewe. Haikuwepo kwingine popote.

Mwaka huu Ardis alivunjika nyonga, akahamia nyumba ya wazee, na nyumba yake ikauzwa. Mnunuzi angemwaga zege la gereji bustanini Jumatatu. Chama cha wapenda peoni kiliahidi kuja Jumamosi kuzihamisha zote, kwa sharti lao la siku zote: mmea usio na jina hawaugusi. Ardis alilala usingizi mzuri.

Ijumaa mwanawe, Royce, akaingia chumbani kwa mama yake, amekumbatia kopo la kahawa, uso umemchanua.

"Mama, leo utanipenda! Nimefyeka bustani yote, wageni wako wasihangaike na majani."

"Umefyeka?"

"Mpaka chini! Vibao nimeving'oa kwanza, mashine isivitafune. Hakijapotea hata kimoja. Na nimeviosha."

Akavimwaga kitandani. Vilikuwa vinang'aa.

"Na ipi ni ipi, Royce?"

"Ipi nini?"

"Mizizi, we mtoto! Yote inafanana! Mpaka zichanue Juni, nani atajua?"

"Si wangoje Juni, basi..." Akakumbuka zege.

"Nenda kazichimbe zote."

"Sitini na mbili? Kwa mgongo huu? Halafu nikaziweke wapi, Mama, bafuni?"

Kwa kitambo kidogo Ardis alimchukia mwanawe, na hakuona haya. Jua alilishinda, theluji aliishinda. Hakuwahi kuifikiria mikono ya mtu aliyemzaa mwenyewe.

Jumamosi watu wa chama walizunguka shamba lililonyolewa, wakampigia simu kumpa pole, wakaondoka na ndoo tupu. Jumatatu zege likamwagwa.

Jioni ile muuguzi alikiona kibao kimoja juu ya shuka, akakisoma, akacheka kwa furaha. Akakifunga kwa uzi kwenye kigari cha kutembelea cha mgonjwa wake.

"Kizuri hiki, Bibi Ardis! Sasa hata ukipotea, tutajua wewe ni nani."

"Kiache," Ardis akasema. "Hicho hakifutiki."